Mandhari Dhahania kwa Pasteli Laini (Nairobi)

Mandhari dhahania ni mchoro wa mahali ambao msanii ameacha kueleza kila mti na kila paa, akabakiza rangi, mwanga na mpangilio wa nafasi. Pasteli laini huufaa sana. Ni vijiti vya unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi kidogo mno, tofauti na pasteli za mafuta zinazotumika sana shuleni. Edgar Degas, anayejulikana zaidi kwa picha za wacheza densi, alitumia pasteli laini huko Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1890 kuchora mandhari zilizokaribia kupoteza umbo.

Kwa anayejifunza Nairobi, somo bora liko upande wa magharibi: vilima vya Ngong, vyenye kimo cha mita 2,460 hivi. Vikitazamwa kutoka mtaa wa Karen baada ya mvua, huwa buluu nzito. Jua likiwa utosini hufifia hadi kijivu. Mstari wa vilele haubadiliki, rangi ndiyo inayohama. Barabarani mjini, jakaranda zinapochanua Oktoba, utepe mmoja wa zambarau juu ya kijivu cha lami unatosha; kuchora ua moja moja ni kuupoteza mtaa.

Mwanafunzi aanze kwa mkaa, agawe karatasi katika giza, wastani na mwanga kabla ya kugusa rangi yoyote. Wengi huruka hatua hii, na hapo ndipo picha nyingi hufa. Kisha kijiti hulazwa ubavu, rangi nzito zikitangulia na nyepesi zikifuata. Pasteli hazichanganywi pembeni: nyekundu ya udongo wa Dagoretti hupatikana kwa kupitisha chungwa juu ya kahawia, bila kusugua sana. Karatasi ya kukwaruza ikishajaa unga, rangi huteleza na kugeuka tope. Kwa mazoezi, msasa laini wa dukani hufaa badala ya karatasi hiyo.

Mjini kuna mifano ya kutazama. Yony Waite, mmoja wa waanzilishi wa Gallery Watatu mwishoni mwa miaka ya 1960, alichora nyumbu na nyika kwa namna inayokaribia udhahania. Kazi za kisasa huonyeshwa Circle Art Gallery, Lavington.

Vumbi lisipulizwe kwa mdomo, kwani baadhi ya rangi zina kadimiamu, ambayo ni sumu. Ubao wa kuchorea usimamishwe wima ili lianguke lenyewe. Mchoro uliokamilika huwekwa kwenye fremu yenye kioo kisichougusa.