Diski za breki: kufunga na kuzoesha

Diski ya breki ni sahani ya chuma cha kusubu inayozunguka pamoja na gurudumu la gari. Pedi zinapoibana pande zote mbili, mwendo hugeuka joto na gari hupungua kasi. Hubadilishwa inapopasuka au inapolika hadi unene wa chini kabisa, ambao kwa kawaida huchapwa kwenye diski yenyewe. Za kushoto na kulia hubadilishwa pamoja, tena kwa pedi mpya.

Wakati wa kufunga, kalipa (kifaa kinachobana pedi) ikifunguliwa hutundikwa kwa waya, kwani kuining'iniza kwenye mpira wa breki huweza kuuharibu. Hatua inayopuuzwa mno ni kusafisha habu, yaani kitovu ambacho diski hukaa juu yake. Kutu kidogo tu iliyobaki hapo huifanya diski ikae upande, na baada ya muda usukani huanza kutetemeka, hata kama diski ni nzuri. Mafuta ya kuzuia kutu yaliyopakwa kiwandani hufutwa kabisa. Kabla ya gari kuondoka, pedali hukanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu; kusahau jambo hili ni hatari kubwa.

Kuzoesha diski na pedi mpya hufanywa kwenye barabara tupu: kasi hupunguzwa kutoka takriban kilomita 50 kwa saa hadi 10, mara 8 hadi 10, bila kusimama kabisa. Joto hutandaza utando mwembamba wa pedi sawasawa juu ya diski. Gari likisimama breki zikiwa na moto, utando huo hujikusanya mahali pamoja na kuleta mtetemo. Hatimaye gari huendeshwa dakika kadhaa, breki zikiguswa kwa nadra, ili zipoe. Mtengenezaji wa pedi akitoa utaratibu wake, huo ndio hufuatwa.