Jasi ya Burton katika sufuria za Ilford

Wasiotumia kilevi watuwie radhi. Safari hii tunazungumzia historia na kemia zaidi kuliko unywaji.

Mwaka 1880 Gladstone alifuta ushuru wa kimea, akautoza kwenye bia yenyewe, na tangu hapo Mwingereza aliyetaka kupika bia kwake alitakiwa kukata leseni. Leseni hiyo ilidumu hadi bajeti ya 1963, Waziri wa Fedha Reginald Maudling alipoiondoa kwa wanaopika kwa kunywa wenyewe, si kwa kuuza. Ndipo makopo ya shira ya kimea yalipoingia madukani kwa wingi. Maelekezo yalikuwa mepesi: kopo moja, kilo ya sukari, maji hadi kufika galoni 5, hamira, kisha subira.

Bia ilipatikana, lakini kwa sukari ile yote ilikuwa kali kichwani na nyepesi mdomoni. Watu walitaka ile ya baa. Mwaka 1978 Dave Line akatoa kitabu, Brewing Beers Like Those You Buy, cha kuiga bia za viwandani moja moja. Sisi wahandisi tunaifahamu kazi hiyo: ni kufungua mashine ya mwenzako uone ilivyoundwa, ila hapa mashine inanyweka.

Kazi ngumu ni maji. Bia za Burton upon Trent, kama Bass, zilijengewa sifa na visima vyenye jasi nyingi, madini yaleyale yanayochimbwa Makanya wilayani Same. Jasi ndiyo inayokoleza uchungu wa maua ya hopsi. Maji ya Ilford nayo ni magumu, lakini kwa chokaa: tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako. Basi tunayachemsha kwanza, yakipoa tunayamimina taratibu ili chokaa ibaki chini, kisha tunatia kijiko cha chai cha jasi. Sukari tunaiacha, mahali pake tunaweka kopo la pili la kimea. Mwishoni, konzi ya hopsi za Goldings kwa ajili ya harufu. Gharama inapanda, lakini hatujasikia mtu akirudi kwenye sukari.

Kwa sisi wa upande huu wa London, kuiga huku kuna uzito wake. Romford, vituo vichache tu vya treni kutoka hapa, palipikwa bia tangu 1708. Edward Ind alikinunua kiwanda mwaka 1799, na kampuni iliyotokana nacho, Ind Coope, ikaungana na Allsopp ya Burton mwaka 1934. Wasomaji wa Nairobi wameshashtuka: naam, ndiyo Allsopps ya njia panda ya Barabara ya Thika. Kiwanda cha Romford kilifungwa 1993, na mahali pake pana maduka yanayoitwa The Brewery. Jina limebaki ukutani. Bia ya Romford anayeitaka aiige jikoni kwake.

Ndiyo maana tumeanza kuitumia njia hiyohiyo kwa mbege. Ulezi tunaupata kwenye maduka ya Wahindi, wao huuita ragi. Tunauloweka na kuuotesha wenyewe. Mama zetu Uchagani walipima kwa kibuyu na kwa jicho. Sisi tunapima kwa gramu na kuandika, maana wanaotusahihisha kwa simu wanapungua kila mwaka. Kilichotushinda ni msesewe, gome linaloipa mbege uchungu. Tumejaribu Goldings badala yake. Uchungu unafika, lakini unakuja na harufu ya maua, na mzee wa Marangu akionja husema papo hapo kwamba hiyo si mbege, ni bia ya Wazungu iliyotiwa ndizi.