Kipaza Sauti na Barua

Jua likishazama, lori lilisimama uwanjani, jenereta ikaanza kunguruma na kitambaa cheupe kikatandazwa. Watu waliotembea kutoka vijiji vya jirani walikaa chini. Juu ya kitambaa wakaonekana vibarua wawili wakipokea mshahara. Mmoja alikwenda nyumbani akaufukia chini ya sakafu. Mwenzake akaupeleka posta kwenye benki ya akiba. Usiku mwizi akaja. Msimulizi alieleza yote kwa Kiswahili kupitia kipaza sauti, hata mzee aliyekuwa hajawahi kuona picha inayotembea akaelewa kilichokusudiwa: fedha pelekeni posta.

Hiyo ilikuwa miaka ya 1935 hadi 1937. Filamu hizo zilitengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za mfuko wa Carnegie wa Marekani. Katika miaka hiyo miwili zilitoka filamu 35: za safura, za malaria, za kodi, za mmomonyoko wa udongo. Lori lilizizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na hata nchi za kusini. Lilikuwa na kila kitu isipokuwa kimoja. Mkulima aliyekaa chini pale hakuwa na namna ya kuuliza posta yenyewe iko wapi, na ni siku ngapi za kutembea kutoka kwake.

Pengo hilo ndilo linaloeleza kazi ya maofisa habari wa serikali katika nchi hii, Tanzania, tangu zama za Wajerumani. Kila walipofungua mlango wa majibu, kazi yao ilizaa. Walipobaki na kipaza sauti peke yake, waliambulia mwangwi wa sauti zao.

Wajerumani walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, Kiongozi, lililotoka Tanga kwenye shule ya serikali. Lilisomwa na makarani, walimu na maakida, yaani watu waliokwisha kuwa ndani ya serikali au mlangoni mwake. Mwaka 1905, huku Kiongozi likichapwa kaskazini, habari nyingine kabisa ilikuwa ikitembea kusini. Wamatumbi waliiita njwiywila: neno la siri lililopita mtu kwa mtu, kwamba kule Ngarambe yupo mganga Kinjikitile mwenye dawa ya maji. Mwisho wa Julai vita vya Majimaji vikalipuka. Serikali yenye mitambo ya kuchapa ilikuwa haina sikio Umatumbi, na mnong’ono ukaipita mbali.

Waingereza walipoishika Tanganyika, walifanya jambo la busara kuliko watangulizi wao, pengine bila kujua uzito wake. Januari 1923 Idara ya Elimu, chini ya mkurugenzi wake Stanley Rivers-Smith, ilianzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi kutoka Dar es Salaam. Nia ilikuwa kuwafundisha wenyeji kilimo bora, afya, uaminifu kwa serikali na Kiswahili cha namna moja. Lakini ndani ya gazeti ziliachwa kurasa za wasomaji, na wasomaji wakazichukua kwa mikono miwili.

Mwalimu wa shule ya mbali aliandika habari za mji wake: mvua imenyesha lini, nzige wamepita wapi, nani kafariki. Karani wa bandarini alituma shairi, na mwezi uliofuata karani mwingine akamjibu kwa shairi, vina kwa vina. Watu walibishana juu ya mahari, mavazi na maneno ya Kiswahili, wakaandika historia za makabila yao kama walivyozisikia kwa wazee. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha, ni mmoja wa waliopata wasomaji kupitia kurasa hizo. Gazeti la serikali lilikuwa limegeuka baraza. Ninaamini hakuna chombo kingine cha serikali ya kikoloni kilichopendwa kiasi hicho, na sababu yake haikuwa makala za mabwana shamba. Msomaji alilifungua akitafuta jina lake na la mji wake.

Baraza hilo lilikuwa na mipaka yake, kwani siasa haikuruhusiwa kuketi pale. Msomaji angeweza kulalamikia tabia za vijana, lakini kulalamikia mshahara wa Mwafrika kando ya ule wa Mzungu lilikuwa jambo jingine. Ndiyo maana mwaka 1937 Erica Fiah, mfanyabiashara mwenye asili ya Uganda aliyeishi Dar es Salaam, alianzisha gazeti lake mwenyewe, Kwetu. Barua zisizopata nafasi katika Mambo Leo zilipata pa kwenda.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilileta ofisi ya habari iliyosimama yenyewe, kwa kuwa maelfu ya askari walikuwa wakipelekwa hadi Burma na nyumbani watu walitaka kujua. Baada ya vita ofisi ikawa idara ya uhusiano. Julai 1951 ikazaliwa redio, Sauti ya Dar es Salaam, iliyogeuzwa shirika la utangazaji mwaka 1956. Vifaa viliongezeka, nayo serikali ikaanza kudhani kwamba mtu akiambiwa vya kutosha atakubali.

Uluguru ndiko dhana hiyo ilikovunjikia. Kuanzia mwaka 1950 serikali iliwataka Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko yao ili kuzuia mmomonyoko. Vikao viliitwa, maelezo yakatolewa, amri zikafuata. Lakini Mluguru alilijua shamba lake. Udongo wenye rutuba pale ni utando mwembamba tu. Ukichimba ngazi unaufukia huo na kuutoa juu udongo mfu, nayo mahindi hayaoti humo kama zamani. Wanawake waliochimba waliona mavuno yakipungua. Walisema, na maneno yao hayakufika popote. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Kilichokosekana Uluguru kilikuwa ofisa mmoja wa kupeleka maneno ya wakulima juu Dar es Salaam, kama alivyopeleka maneno ya Dar es Salaam chini kwao.

Miaka miwili baadaye TANU, chama kilichodai uhuru, kilianza kutoa jarida lake dogo, Sauti ya TANU. Mwaka 1958 kiongozi wake, Julius Nyerere, aliandika humo kuwashutumu maofisa wawili wa wilaya, akashtakiwa kwa kashfa. Mwanasheria D. N. Pritt alitoka Uingereza kuja kumtetea. Nyerere alipatikana na hatia, akatakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Akalipa. Serikali ilishinda kesi, ila maneno iliyotaka kuyanyamazisha yalisomwa mahakamani mbele ya umma wote.

Baada ya uhuru, idara ileile ilirithiwa na wenye nchi na ikaja kujulikana kwa jina moja tu: Maelezo. Kwa watu wa Dar es Salaam jina hilo lilikuwa jengo kwenye Barabara ya Samora na ukumbi wa mikutano ya waandishi wa habari. Lilikuwa pia picha rasmi ya rais iliyotundikwa ukutani, dukani kwa Mpemba hadi ofisi ya kata. Katika hazina yake ya picha imo ile ya Aprili 1964, Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Redio nayo ilitwaliwa na serikali mwaka 1965, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam.

Kilele cha kazi hii kilikuja mwaka 1973, kwa mikono ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kampeni iliitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, kila kikundi na redio yake, kijitabu chake na kiongozi aliyefunzwa. Viongozi hao walikuwa takriban 75,000. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kikundi kilijiuliza: je, hapa kwetu kichocho kinatoka bwawa lipi? Nani hana choo, na kwa nini hana? Walikubaliana, wakachukua majembe wakaenda. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, vichaka vikafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Ukilinganisha na lori la Vugiri, ujumbe ni karibu uleule, mbu na safura. Safari hii mkulima alipewa zamu ya kusema.

Miaka hiyohiyo, hata hivyo, kanuni zilikazwa upande mwingine. Mwaka 1976 ilitungwa Sheria ya Magazeti iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na mwaka huohuo likaundwa Shirika la Habari Tanzania, Shihata. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Benjamin Mkapa, aliyekwisha kuhariri The Nationalist na Daily News na kuwa mwandishi wa habari wa rais. Miaka 19 baadaye aliingia Ikulu kama rais, katika nchi iliyokuwa tayari na magazeti na televisheni za watu binafsi. Shihata halikuhimili ushindani huo, likavunjwa, na kazi zake zikarudi Maelezo.

Leo kila wizara ina kitengo chake cha mawasiliano, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilimfanya mkurugenzi wa Maelezo kuwa Msemaji Mkuu wa Serikali. Sheria hiyohiyo ilimkabidhi pia utoaji wa leseni za magazeti. Hapo pana kasoro kubwa. Anayeisemea serikali hapaswi kuwa ndiye anayeamua nani mwingine aseme. Mwaka 2017 Mawio na MwanaHALISI yalifungiwa miezi 24 kila moja, na leseni hazikurudishwa hadi Februari 2022. Hakuna ofisa habari, awe hodari namna gani, anayeweza kujenga imani ya wasomaji huku ofisi yake imeshika ufunguo wa chumba cha habari cha mwenzake.

Lakini mwaka 2016 ulileta sheria ya pili, isiyotajwa sana: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Inaitaka kila taasisi ya umma iteue ofisa habari wa kupokea maombi ya raia, na inampa siku 30 za kujibu. Unataka kujua fedha za kisima cha kijiji chako zimefikia wapi? Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Iandike kama walivyoliandikia Mambo Leo wale makarani na walimu, weka jina lako na la kijiji chako, ipeleke, kisha hesabu siku.