Bastet: Mlinzi Aliyeitwa "Mungu wa Paka"

Aghalabu Bastet wa Misri ya kale huelezwa kwa Kiswahili kuwa ni "mungu wa paka". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo yanaficha sehemu kubwa ya historia yake.

Tuanze na jina. Liliandikwa kwa alama ya chupa ya marhamu, na kumalizikia kwa -t, kiishio cha jinsia ya kike. Mji wake, katika delta ya Mto Nile, uliitwa Per-Bastet, yaani "nyumba ya Bastet". Waebrania waliutamka Pi-beseth, Wayunani Bubastis, na Waarabu wakayaita magofu yake Tell Basta. Ndimi zimebadilika, lakini konsonanti b-s-t zimedumu. Katika jina hilo lote hamna paka.

Sanaa nayo yathibitisha hayo. Katika vyombo vya mawe vya Nasaba ya 2, yapata mwaka 2800 K.K., Bastet ana kichwa cha simba jike. Huko Giza, maandishi ya mlangoni mwa hekalu la bondeni la Mfalme Khafre yanamtaja mfalme huyo kuwa ni mpendwa wa Bastet. Kazi yake ilikuwa kumlinda mfalme na kuwashambulia maadui wa mungu jua, Ra.

Sura ya paka ilishika nguvu baadaye, hasa tangu Nasaba ya 22, yapata mwaka 945 K.K., wafalme wenye asili ya Bubastis walipotawala. Hata hivyo, ukali haukusahauliwa: katika hekalu la Philae, mungu Hathor anasifiwa kuwa mwenye ghadhabu kama Sekhmet na mpole kama Bastet. Upole na ukali ni pande mbili za ulinzi mmoja.

Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 K.K., alimlinganisha na Artemis wa Wayunani, akasimulia sherehe ya watu 700,000 na maziko ya paka mjini humo. Alieleza aliyoyaona na kuyasikia zama zake. Kosa ni letu tunapoufanya mwisho kuwa mwanzo.

Isitoshe, "a" unganifu katika "mungu wa paka" ina utata: je, anawamiliki paka, anawalinda, au yeye mwenyewe ni paka? Yafaa basi tuseme "mungu mlinzi, mwenye sura ya simba jike na baadaye ya paka". Ni maelezo marefu, lakini mfasiri anayefupisha historia hupotosha vizazi.