Kumwaga Unga: Somo Kutoka kwa Wafugaji wa Bute

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu ni moja tu: hofu ya kazi. Mkataba wangu na kampuni moja ya ng'ambo unakwisha mwezi ujao. Wenzangu wawili katika timu wamekwisha kumwaga unga, na kila nikiona barua pepe kutoka kwa wakubwa, moyo unadunda. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, nina miaka mitano ya kuandika programu, na sina uhakika wa mshahara wa mwezi wa pili kutoka leo.

Mimi ni mtu wa Bute. Kwa wasioijua, ni mji mdogo wa Wajir Kaskazini, karibu na mpaka wa Ethiopia, ambako sokoni utasikia Kisomali na Kiborana kwa pamoja. Uchumi wetu ni mifugo. Nilipomweleza baba habari za mkataba, jibu lake lilikuwa fupi: "Tafuta kazi ya serikali. Ile haina ukame." Sikubishana naye. Nilikwenda kusoma historia, na leo nataka tuisome pamoja, kwa sababu watu wa kwetu wameishi na riziki isiyo na uhakika kwa muda mrefu kuliko kompyuta zilivyokuwepo.

Mnyama mzima, soko limefungwa

Wengi hudhani adui wa mfugaji ni mvua peke yake. Sivyo. Mwaka wa 1926 serikali ya kikoloni iliitangaza Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, ambalo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Mifugo nayo iliwekewa karantini. Sababu iliyotajwa ilikuwa magonjwa kama sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe, na magonjwa hayo yalikuwepo kweli. Lakini karantini hizo pia ziliwakinga walowezi wa Bonde la Ufa na ushindani wa ng'ombe wa bei nafuu kutoka kaskazini.

Uhuru haukufungua mlango. Hali ya hatari iliyotangazwa mwaka wa 1963 haikuondolewa hadi 1991. Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na ardhi ya kilimo, yaani si kwetu. Mwishoni mwa 1997, mwaka niliozaliwa, mvua za El Niño zilileta Homa ya Bonde la Ufa upande wa Garissa na Wajir, na mwaka wa 1998 Saudi Arabia ikapiga marufuku mifugo ya Pembe ya Afrika. Ugonjwa huo uliporudi 2006 na 2007, masoko ya mifugo na machinjio ya Garissa yalifungwa tena.

Hebu fikiria hali hiyo. Mbuzi wako wana afya. Umewatunza vizuri, hukulala, hukukosea popote. Lakini mnunuzi hayupo, na uamuzi ulifanywa na watu ambao hawakuwahi kuwaona mbuzi wako. Mtu aliyepigwa kalamu kwa sababu riba imepanda Marekani yuko katika hali hiyo hiyo. Kwa hiyo la kwanza nililojifunza ni hili: soko kufungwa si cheti cha kwamba wewe ni mvivu.

Je, kazi ya serikali haina ukame?

Hapa nitampinga mzee wangu kwa heshima. Mwaka wa 1993 Kenya ilianza mpango wa kupunguza wafanyakazi wa serikali, kwa msukumo wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka uliofuata ukaja mpango wa kustaafu mapema kwa hiari, na makumi ya maelfu wakaondoka. Mwaka wa 2000 wengine wakaachishwa, na safari hii hapakuwa na neno hiari. Shirika la Posta na Simu lilivunjwa 1999, na Telkom iliyozaliwa humo ikapunguza maelfu ya wafanyakazi kabla na baada ya hisa zake 51% kuuzwa kwa France Telecom mwaka wa 2007. Hao walikuwa mafundi wa mawasiliano, watu wa fani iliyo jirani na yetu, na walikuwa na kazi iliyoitwa ya kudumu.

Warra na fora

Sasa tuje kwenye akili ya wafugaji wenyewe. Waborana hugawa mifugo mara mbili. Warra ni wale wa maziwa, wanaobaki karibu na boma kulisha watoto na wazee. Fora ni wale wasiokamuliwa, ambao vijana huwapeleka mbali kutafuta malisho. Mvua ikikosa upande mmoja, upande mwingine huenda ukasalia. Wasomali nao mara nyingi huwatenga ngamia, wakaenda mbali na vijana, huku mbuzi na kondoo wakibaki na familia.

Aina za wanyama nazo huchanganywa kwa hesabu. Ngamia hustahimili kiu, lakini hubeba mimba miezi kama 13. Mbuzi hubeba miezi 5 tu, kwa hiyo baada ya ukame yeye ndiye hujaza zizi haraka. Ng'ombe huleta bei nzuri lakini hufa mapema. Hakuna mfugaji mwenye busara anayechagua mmoja na kuwaacha wengine.

Juu ya hayo kuna kukopeshana. Wasomali wana irmaansi: unampa ndugu au jirani mnyama wa maziwa, anakamua, na baadaye anakurudishia. Waborana wana busa gonofa, utaratibu wa ukoo kumchangia mifugo aliyepoteza yote ili aanze upya. Ukitazama kwa jicho la mtu wa kompyuta, utaona kwamba huku ni kuhifadhi nakala katika seva za watu wengine. Ngamia wangu aliye kwa shemeji hafi siku moja na yule aliye kwangu. Na aliyekunywa maziwa yangu jana hatanifungia mlango kesho.

Setilaiti inaingia Wajir

Sehemu hii ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Mwaka wa 2010 taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, yenye makao Nairobi, pamoja na washirika wake, ilizindua huko Marsabit bima ya mifugo inayotegemea setilaiti. Mwaka wa 2013 ilifika Wajir kupitia Takaful Insurance of Africa, ikiwa imepangwa kufuata sharia, na Machi 2014 wafugaji wapatao 100 wakalipwa. Mwaka wa 2015 serikali ilianza mpango wake wa bima ya mifugo, ikianzia Turkana na Wajir.

Inafanyaje kazi? Jani hai hunywa mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Setilaiti kama Terra ya NASA, iliyorushwa Desemba 1999, hupima yote mawili. Chukua infraredi, toa nyekundu, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Jibu likikaribia 1, majani ni mengi. Likikaribia 0, ni mchanga mtupu. Ni mstari mmoja tu wa programu! Matokeo ya msimu hulinganishwa na ya miaka iliyopita, na eneo likikauka kupita kiwango kilichowekwa, malipo hutoka bila ofisa kuja kuhesabu mizoga.

Ina kasoro. Setilaiti huona kijani, haijui kama kijani hicho ni nyasi au mathenge. Tena hupima eneo zima, si zizi lako. Lakini kuna badiliko moja nawaomba mlishike. Mkataba wa mwanzo ulilipa kulingana na makadirio ya wanyama waliokufa. Baadaye ukageuzwa, ukawa unalipa mapema, malisho yanapoanza kupungua, ili mfugaji anunue chakula na dawa wanyama wakiwa bado hai. Waligundua kwamba kumwokoa ng'ombe ni nafuu kuliko kumnunua mwingine.

Ukame wa aina mbili

Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kaskazini mwa Kenya. Zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa nchini. Katika kipindi hicho hicho ukame wa pili ulikuwa unaanza mbali. Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba kutoka karibu na sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imepita 5%. Pesa za bei rahisi zilikauka. Novemba 2022 Meta iliachisha watu zaidi ya 11,000, na Januari 2023 Google ikatangaza 12,000. Nairobi nako, Sendy ilifunga 2023, na Copia ikawekwa chini ya msimamizi Mei 2024.

Dalili zilikuwepo mapema. Septemba 2019 Andela iliachisha waandishi wa programu wapatao 400 Nigeria, Kenya na Uganda, kwa maelezo kwamba wateja walitaka wenye uzoefu mkubwa, na wachanga walikuwa wamezidi. Mfugaji angeelewa mara moja: soko likiwa baya, ndama hawana bei.

Basi tufanye nini?

Haya ndiyo ninayoyafanya mwenyewe kuanzia wiki hii:

1. Kugawa zizi. Mteja wa ng'ambo ndiye warra wangu, ananilisha. Fora yangu ni kazi ndogo mbili: programu ya stoo kwa duka moja la Wajir mjini, na kufundisha jioni. Haziwezi kunilisha leo, lakini hazinywi kisima kimoja na yule mteja.

2. Kulipa mapema. Akiba niliyo nayo nitatumia sehemu yake sasa kujifunza nisichokijua, nikiwa bado na mshahara. Nikisubiri barua ya kuachishwa, pesa hiyo itakwenda kwa kodi ya nyumba.

3. Kukopesha maziwa. Nikijua nafasi ya kazi isiyonifaa, nampa mwenzangu. Kijana akikwama na programu yake, namsaidia.

4. Kusoma karatasi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, humpa mwajiriwa anayepunguzwa ilani ya angalau mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Lakini kama wewe, kama mimi, ni mtu wa mkataba wa huduma, kinga hiyo haikuhusu. Kagua mkataba wako leo, na kama hauna kipengele cha ilani, kiombe wakati wa kuutia sahihi upya.

Sisemi kwamba haya yanatosha. Misimu mitano ilipokosa mfululizo, hata waliogawa zizi vizuri walizika wanyama, na busa gonofa hulemewa ukoo mzima ukiwa hauna kitu. Lakini waliosalia na mbuzi watatu na jamaa wa kuwakopesha ngamia walianza upya kabla ya waliokuwa na ng'ombe mia mahali pamoja. Mimi nataka kuwa kati ya hao wa mbuzi watatu. Na wewe, ndugu msomaji, fora yako iko wapi? Kama huna, anza na mbuzi mmoja. Tuonane wiki ijayo, inshallah.