Mbiu na Jibu Lake katika Njia ya Tabora

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka mingi, na kila mwanafunzi hujibu upesi kwamba mbiu ni pembe ya nyati na mgambo ni tangazo la hadhara. Lakini methali haikutuambia kila kitu. Pembe ikiisha kulia, wale walioisikia walifanya nini? Na aliyeipiga alijuaje kwamba amesikiwa? Katika makala haya twataka kulitazama swali hilo, kwa maana ndilo linalozikabili ofisi za umma mpaka leo, ziwe zinatangaza kwa karatasi ubaoni, kwa redio, au kwa mitandao ya kijamii iliyomo katika simu za mkononi. Tumeichagua Tabora kuwa mahali pa kuanzia kwa sababu ni miji michache ya bara iliyoishi kwa kupokea habari na kuzipeleka mbele kama ulivyoishi mji huu.

Kabla ya reli, mtu aliyeondoka Bagamoyo kwa miguu alipita Mpwapwa, akakata mbuga kavu za Ugogo, na baada ya miezi mitatu hivi akaingia Unyanyembe, nchi ambayo ndani yake ndimo ilimo Tabora. Hapo njia iligawanyika: moja kwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kupanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Waingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliukuta mji wa biashara uliokwisha kukomaa, wenye Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi. Pembe za ndovu zilikwenda pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilikuja bara. Na pamoja na bidhaa hizo walipitishwa watumwa, jambo tusilopaswa kulifunika tunapoisifu njia ile. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mbele yao alitangulia kirangozi na ngoma yake na bendera yake. Mizigo ilihesabiwa na kuandikwa. Habari hazikuandikwa na mtu, lakini ndizo zilizofika kila kambi, na lugha iliyozibeba ilikuwa zaidi na zaidi Kiswahili.

Msafara haukuingia katika nchi ya watu kimyakimya. Ulipokaribia ikulu ya mtemi (neno hili la Ikulu tumelirithi kwa watu wa Unyamwezi na Usukuma, nasi twalitumia leo kwa makao ya Rais) wajumbe walitangulia kueleza ni nani wanaokuja, wamechukua nini, na wanakwenda wapi. Ndipo yakaanza mazungumzo ya hongo. Wasafiri wa Kizungu walikuwa wakinung'unika katika vitabu vyao kwamba mazungumzo hayo yaliwapotezea siku nyingi, na pengine walikuwa na haki, hasa kule Ugogo ambako maji yenyewe yalikuwa machache. Lakini tukiyatazama kwa jicho la somo letu, twaona kwamba hongo haikuwa ushuru mtupu. Ilikuwa desturi ya kupeleka neno na kungoja jibu. Neno lisilojibiwa halikuhesabiwa kuwa limefika, na msafara haukuondoka.

Desturi hiyo ilipovunjika, nchi nzima iliona matokeo yake. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, alidai sehemu yake katika misafara iliyopita kwenda Ujiji. Baraza la wafanyabiashara wa Tabora lilikutana, likajadiliana kwa maneno makali, na jibu lake likawa bunduki. Mwezi Agosti mwaka ule ule watu wa Mirambo waliingia Tabora na kuuchoma moto sehemu yake. Njia ya Ujiji ikafungwa, na aliyetaka kufika ziwani alilazimika kuzunguka mbali kusini. Wanahistoria wamelieleza tukio hili kama vita vya biashara, nasi hatuwapingi. Twaongeza tu kwamba yalikuwa pia madai ambayo upande mmoja haukukubali kuyasikia.

Katika vita hivyo uliingia mfuko mmoja wa barua ambao twapenda wanafunzi waujue. Mwezi Novemba mwaka 1870 ubalozi wa Kiingereza Unguja ulituma wapagazi na vifaa pamoja na barua za Livingstone, aliyekuwa akingojewa Ujiji. Wapagazi walikaa Bagamoyo siku zipatazo mia moja, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwahimiza. Walipofika Unyanyembe hatimaye, njia ya mbele ikawa imezibwa na vita. Mfuko ulilala hapo hapo mpaka Stanley alipouchukua na kuufikisha Ujiji mwezi Novemba mwaka 1871. Barua zilikuwa zimeandikwa vizuri, zimefungwa vizuri, na bahasha zilikuwa na jina sahihi, lakini mwaka mzima ulipita. Aliyezituma aliridhika siku mzigo ulipotoka mikononi mwake, na hakujua kwamba kwa miezi mitatu na zaidi ulikuwa ng'ambo tu ya mlango wa bahari, karibu na pale pale alipokaa.

Miaka miwili baadaye njia ile ile ilishuhudia kinyume cha hayo. Livingstone alikuwa amefariki, na wenzake Waafrika walikuwa wakiurudisha mwili wake pwani kutoka nchi iliyo leo Zambia. Wakatambua kwamba msafara wenye maiti hauwezi kutokea tu mbele za watu. Wakamtanguliza Chuma na barua iliyoandikwa na Jacob Wainwright, mmoja wao aliyejua kuandika Kiingereza, mpaka Unyanyembe, ambako Cameron alikuwa amepiga kambi. Ilikuwa Oktoba 1873. Watu hawa hawakuwa na ofisi wala cheo. Walijua tu nani apaswaye kuambiwa, aambiwe lini, na nani miongoni mwao atayesikilizwa.

Utawala wa Wajerumani, uliovunja ngome ya Mtemi Isike mwezi Januari mwaka 1893, ulileta aina nyingine ya tangazo. Neno lilitoka bomani, likapokewa na wakubwa wadogo, likasomwa, na likatekelezwa kwa hofu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 neno hilo lilikwenda kwa kasi ambayo kirangozi hakuiota, ila lilikwenda upande mmoja. Wakati wa Waingereza, Idara ya Elimu ilianzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923. Nalo lilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni, na shabaha zake zilikuwa za wakoloni. Hata hivyo lilifanya jambo moja lililolipa uhai mrefu: liliwapa wasomaji nafasi. Barua zao, mashairi yao na habari za wilaya zao zilichapwa humo, na Shaaban Robert ni mmoja wa walioandika katika kurasa zake. Mara nyingi watu walilinunua ili waone kama barua ya mwenzao imetoka, na walipokuwa wakiitafuta walisoma pia yale ambayo serikali ilitaka wayasome.

Mwezi Januari mwaka 1958 Tabora ilirudi tena kuwa mahali pa neno zito. Mkutano wa mwaka wa TANU ulikutana huko kuamua kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi waliuchukia utaratibu huo, na walikuwa na haki ya kuuchukia. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na baadaye kufundisha katika mji huo, aliwashawishi wajumbe wakubali kushiriki. Hakuwanyamazisha. Siku zilipita katika mjadala, na Zuberi Mtemvu, ambaye hakuridhika, alikwenda kuunda chama chake. Uamuzi ule wa busara, kama ulivyokuja kuitwa, ulikuwa bado na safari ndefu, maana uliwapasa wajumbe kwenda kuwaeleza wanachama kwa nini waingie katika uchaguzi ambao hawakuupenda. Chama hakikuwa na redio. Kilikuwa na gazeti dogo la Sauti ya TANU, na mwaka ule ule Mwalimu alitozwa faini mahakamani kwa maneno yaliyochapwa humo. Basi kazi ilifanywa kwa miguu na kwa mdomo, tawi kwa tawi, na wajumbe waliweza kuyajibu maswali magumu kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameyauliza Tabora. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda.

Hapa yatupasa kusimama mwaka 1973, kwa sababu mwaka huo serikali yetu wenyewe ilisema na watu kwa sauti mbili. Sauti ya kwanza ni kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imejifunza kwa kampeni ndogo zilizotangulia, kama ile ya Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, kwamba redio peke yake haitoshi. Hivyo mipango ilianza mapema: vitabu vikachapwa kwa lugha nyepesi, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 wakafundishwa, ndipo matangazo ya redio yakaanza. Watu karibu milioni 2 walikusanyika katika vikundi vyao chini ya miti na madarasani, wakasikiliza, wakasoma, kisha wakazima redio na kuzungumza. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuwa kampeni yenyewe. Kikundi kiliamua chenyewe kama kitaanza na kuchimba vyoo, au kufyeka majani, au kufukia madimbwi ya mbu, na vyoo vilichimbwa nchini kwa mamia ya maelfu.

Sauti ya pili ilisikika mwezi Novemba, ilipotangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Nia yake ilikuwa njema: shule, maji na zahanati haviwezi kupelekwa kwa kila nyumba iliyojitenga porini. Lakini mahali pengi neno lilifika pamoja na lori. Watu walihamishwa kabla ya kuuliza shamba litakuwa wapi na maji yako umbali gani, na kuna mahali nyumba zilibomolewa ili wenyewe wasirudi. Ukame na upungufu wa chakula wa 1974 na 1975 ukaja juu ya hayo. Sisi tunaofundisha historia tumezoea kuyaweka mambo haya mawili katika sura mbalimbali za kitabu, moja chini ya afya na moja chini ya siasa. Yafaa yasomwe pamoja. Serikali ilikuwa ile ile, wananchi wale wale, na redio ile ile.

Siku hizi ofisi nyingi za mikoa na halmashauri zina kurasa zao katika Facebook na Instagram, na maofisa habari wake huandika humo kila siku. Tumezitazama baadhi ya kurasa hizo. Picha za ufunguzi na ziara ni nyingi, na chini yake wananchi huuliza mambo ya maana: zahanati itapata dawa lini, mbolea itafika kabla ya mvua au baada yake, fomu hupatikana dirisha gani. Maswali mengi hubaki pale pale yalipoandikwa. Ofisa atasema, na husema kweli, kwamba yuko peke yake na simu yake. Hapo ndipo mipango inapotakiwa, maana ukurasa usio na mtu wa kujibu unafanana na mfuko ule wa barua uliolala Bagamoyo. Kabla ya kutangaza, ofisi ijue nani mwenye idara atakayetoa majibu, na kwa muda gani. Ijue pia kwamba mkulima wa tumbaku wa Urambo anayehitaji habari ya pembejeo huenda hana simu ya intaneti, ila ana redio, ana mwenyekiti wa kitongoji, na ana mtoto shuleni. Tangazo la mtandaoni lisilo na njia ya kumfikia huyo ni tangazo kwa walio mjini tu.

Tena kuna hatari ya kimya. Tarehe 29 Aprili 2020 nchi yetu ilikuwa imetangaza wagonjwa 509 wa UVIKO-19, kisha takwimu zikaacha kutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mitandao haikunyamaza. Nafasi iliyoachwa na ofisi za umma ilijazwa na yeyote mwenye simu, na ujumbe wa kutia hofu ulizunguka kutoka kundi moja la WhatsApp mpaka jingine bila mtu wa kuukanusha wala kuuthibitisha. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, siku chache baada ya dozi zaidi ya milioni moja kuwasili nchini. Dozi zilikuwapo na tangazo lilikuwapo, lakini mwanzoni watu walijitokeza polepole, kwa kuwa uvumi ulikuwa umetangulia njiani. Baadaye mwaka ule ule Wizara ya Afya ikaja na Mpango Shirikishi na Harakishi: wahudumu walitoka vituoni wakaenda minadani, katika nyumba za ibada na mlango kwa mlango, na viongozi wa dini na wa vijiji wakaombwa wakae nao. Aliyekuwa na swali alimuuliza mtu aliyesimama mbele yake, akajibiwa, na wengi wakakunja mikono ya mashati yao.