Sheria ya Tarehe 6 Aprili, 1897

Mtu asafiriye kutoka Nairobi kwenda Mombasa, akifika Mtito Andei huwa amekata karibu nusu ya njia. Hapo watu hushuka kunywa chai, wala hawakumbuki kwamba kabla ya reli nyika hii ilikatizwa kwa miguu. Wakamba walipeleka pembe za ndovu pwani, na katika mwaka wa 1849 Krapf, akitoka Rabai, alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyi biashara mashuhuri. Lakini pembe hazikuwa bidhaa pekee ya bara. Watu nao waliuzwa, wengi wao wakiletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa na kupitishwa Kilwa, na soko lao kubwa lilikuwa Unguja, katika mji mkuu wa Sultani.

Soko hilo lilifungwa tarehe 5 Juni, 1873. Seyyid Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, si kwa kupenda, bali kwa kuogopa manowari zao zisiizingire bandari yake. Siku ya Krismasi ya mwaka uo huo, jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale Mkunazini walipokuwa wakinadiwa watu.

Wengi hudhani utumwa ulikwisha siku hiyo. Sivyo. Kilichokatazwa ni kuwasafirisha watumwa kwa bahari na kuwauza sokoni; aliyekwisha kununuliwa alibaki mtumwa, akichuma karafuu za bwana wake kama jana.

Ilipita miaka ishirini na minne. Mwezi wa Agosti, 1896, mizinga ya Waingereza ilibomoa jumba la Sultani kwa muda usiotimia saa moja, na Seyyid Hamoud bin Mohammed akawekwa katika kiti. Ndiye aliyetoa amri ya tarehe 6 Aprili, 1897, kwamba mahakama zisikubali tena dai lolote la mtu kummiliki mtu.

Tuitazame vema amri hiyo. Haikusema kwamba watumwa wote ni huru tangu leo. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, naye bwana akalipwa fidia. Ni bwana aliyelipwa! Kadhalika ndivyo ilivyokuwa Washington, mji mkuu wa Marekani, ambako sheria ya tarehe 16 Aprili, 1862, iliwakomboa watu wapatao elfu tatu, na mabwana wao wakalipwa hadi dola 300 kwa kila mtu. Ila huko sheria iliwakomboa wote pamoja.

Unguja aliyepewa uhuru alilazimika kuonyesha kwamba anayo makazi na njia ya kupata riziki, la sivyo huhesabiwa mzururaji. Naye atapata wapi makazi, ikiwa shamba ni la bwana na kibanda ni cha bwana? Basi wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Walipatana na bwana wao wamfanyie kazi siku kadha kwa juma, nao waachiwe mahali pa kujenga na kulima muhogo. Sioni kwamba huko kulikuwa kupenda utumwa, kama walivyosema baadhi ya mabwana. Kulikuwa ni kukosa ardhi. Masuria ndio waliosahauliwa zaidi. Sheria iliwatenga, isipokuwa suria aliyeweza kuthibitisha kwamba anatendewa ukatili, nao wakangoja mpaka mwaka wa 1909.

Na huku kwetu? Pwani ya Kenya ilikuwa milki ya Sultani huyo huyo, ikitawaliwa na Waingereza kwa kodi, lakini amri ya 1897 ilihusu visiwa tu. Mombasa, Malindi na Lamu zilingoja sheria yao hadi mwaka wa 1907. Reli ilikuwa imekwisha fika Kisumu katika mwaka wa 1901. Kwa hiyo kwa miaka mingi gari la moshi lilipita Mtito Andei likishuka kwenda mji ambao mahakama zake bado zilimtambua mtumwa.